Kaimu wa Kikohozi cha Baba Julia

Kila kijiji kina chake cha kuamshia watu. Kwa wengine ni jogoo, kwa wengine ni adhana, na kwa wale waliokwisha kuendelea ni ugomvi wa mke na mume. Kijiji cha Walter, kilichokaa juu kabisa ya ukingo wa uwanda upande wa Newala, kiliamshwa na kifua cha Walter.

Haikupangwa hivyo. Majogoo walikuwapo, lakini walikuwa waongo: waliwika mwezi ulipochomoza, waliwika mbwa alipopita, na mmoja aliwika kila alipokanyagwa. Kikohozi cha Walter hakikuwa na mzaha. Kilianza alfajiri, mashariki kabla hakujapauka, kwa mluzi mwembamba kama birika linalofikiria kuchemka. Halafu kimya. Halafu mfululizo mzito, kama magogo yanayobingirishwa kutoka kwenye lori, ukimalizikia kwa mkwaruzo mmoja mrefu na maneno, "Ee Bwana, utuhurumie." Hapo wanawake walitwaa mitungi na madebe wakaanza safari ya kuteremka bondeni, kwa maana juu ya uwanda ule Mungu aliweka kila kitu isipokuwa maji, na Bwana Shauri, mkuu wa wilaya ya Newala, alikuwa akiahidi mabomba tangu kabla Malkia hajavishwa taji. Aliyechelewa alikuta kisima kimebaki tope na masengenyo. Mwalimu Dunstan wa kanisa naye alikisikia kikohozi, akaamka, akaenda kugonga kipande cha reli kilichokuwa ndiyo kengele. Bwanali, jirani wa ubavuni, akakisikia, akatawadha kwa maji ya kikombe, akaswali. Kwa hiyo ibada ya Wakristo na ya Waislamu wa kijiji kile zote zilitegemea mapafu ya mtu mmoja, na mapafu yenyewe yalikuwa mabovu.

Walter alikuwa mtoto wa Wakristo wa Masasi, mjukuu wa watu waliobatizwa na Waingereza wa kanzu nyeupe, na jina lake lilitoka kwa padre mmoja wa zamani aliyeacha nyuma yake majina mengi na sahani moja. Ujanani alijaribu ualimu, akashindwa kwa sababu hakupenda kuchapa watoto. Akajaribu upishi misheni, akashindwa kwa sababu alipenda kuonja. Kisha siku moja akaona godoro la Mzungu likipasuliwa ili lijazwe upya. Alitazama ndani. Mle ndani mlikuwa na sufi, sufi ileile inayodondoka bure kwenye misufi nyuma ya vyoo vya watu na kupeperuka bila mwenyewe. Wapo watu wanaoguswa na mahubiri. Walter aliguswa na godoro.

Tangu siku hiyo akawa fundi. Aliokota matunda ya msufi wakati wa kiangazi, akayapasua, akachambua mbegu, akairundika sufi stoo na kuipiga kwa fito mbili mpaka ikavimba na kuinuka. Stoo nzima ilijaa mawingu, na yeye katikati yake kama malaika, ila malaika hatukusikia kwamba wanakohoa. Kisha alishindilia sufi kwenye mfuko wa kitambaa cha marekani na kuushona kwa sindano ya magunia, na kila pembe aliifunga kwa fundo lake mwenyewe, dogo na la mviringo kama jicho la kuku. Magodoro yake yalilaliwa na mapadre, na makarani, na mabibi harusi wote wa Kikristo kutoka Newala mpaka Masasi. Alikuwa na msemo wake, kwamba binadamu huanzia juu ya godoro na huishia juu ya godoro, na katikati hapo hana budi kumlipa fundi.

Kikohozi kilimwanza kidogokidogo, kama mgeni anayeomba maji tu. Mwaka wa kwanza kilikuja kiangazi na kuondoka na mvua. Mwaka wa pili kilisahau kuondoka. Mkewe, Isabela, mama wa Julia, alikuwa mwanamke mwenye subira, na aliitumia yote.

"Baba Julia," alimwambia asubuhi moja, macho mekundu kama ya mtu aliyekesha msibani, "mimi ninakupenda. Lakini pia napenda kulala."

Basi akamhamishia stoo. Ilionekana ni busara. Stoo ilikuwa mbali kidogo na nyumba, na panya walikuwa wakizifuata mbegu za sufi, kwa hiyo mlinzi alihitajika. Isabela akamtandikia kitanda laini juu ya marundo. Kikohozi kikazidi. Isabela akamwonea huruma, akamwongezea sufi chini ya ubavu. Kikazidi tena. Akamwongezea mto. Kwa ufupi, kikohozi kilimfukuza mtu chumbani kikampeleka stoo, na stoo ikakilea kikohozi kama mwana wa pekee. Hakuna aliyeliona hilo. Lilikuwa karibu mno na macho.

Wengine waliona mengine. Ida, jirani wa upande wa kanisani, aliona ni baridi ya uwandani. Mwalimu Dunstan aliona ni dhambi ndogo, si kubwa. Bwanali, ambaye ukoo wake na ukoo wa Walter walikuwa watani tangu enzi za mababu, na kwa hiyo alikuwa na haki ya kumtukana bila kulipishwa, aliona zaidi.

"Mtani, wewe umemeza filimbi ya refa," alisema. "Ukihema ndani, mpira; ukihema nje, penalti. Siku ukifa sitalia, nitakuja na jezi."

"Siku nikifa utakuja kuiba kuku."

"Kuku nitawachukua kabla. Wewe mtu wa taratibu, utachukua muda."

Mambo yangeendelea hivyo mpaka jezi ihitajike, kama Julia asingechumbiwa.

Mchumba alikuwa Danieli, seremala wa Lupaso, kijana mpole aliyetengeneza vitanda. Alikuja mara ya kwanza kuchukua vipimo vya godoro. Akaja mara ya pili kuhakikisha vipimo. Alipokuja mara ya tatu kwa vipimo vilevile, Julia akamwuliza kama kitanda kinakua. Walter alifurahi kupita kiasi. Kitanda na godoro kuoana! Aliiona ndoa ile kama jambo ambalo Mungu mwenyewe alikuwa amelichorea ramani. Akaanza kujaza godoro la harusi, kubwa kuliko yote aliyowahi kushona.

Lakini Danieli alikuwa na mama, na mama huyo alikuwa Ethel.

Mama Danieli alikuwa mjane, mwembamba, mnyoofu kama mshumaa wa altare, na alipofika kwa mazungumzo ya posa alikaa kwenye kiti bila kukiegemea, kana kwamba kiti kilikuwa bado hakijajieleza. Walter akamsalimu, akafungua mdomo kumkaribisha, na badala ya karibu ukatoka mluzi, na baada ya mluzi magogo yote. Kikombe cha chai kilitembea mezani chenyewe.

Mama Danieli alingoja mpaka "utuhurumie" ya mwisho.

"Baba Julia," alisema, "hicho ni kifua kikuu?"

"Ni vumbi la njiani, mama."

"Umetoka wapi?"

Walter alikuwa ametoka chumba cha pili.

Ethel hakuwa mjinga wala katili, na hilo lisemwe mapema. Alikuwa na dada, na dada yake alikohoa hivihivi, akakonda, akawa na homa za jioni, akatema damu kwenye kanga. Ethel ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho, na ndiye aliyezifua zile kanga. Hayo yote aliwaambia palepale. Akainuka.

"Binti nimempenda," alisema. "Lakini mwanangu sitampeleka penye kifua kikuu. Nitakuja tena baada ya mavuno ya korosho. Nitalala hapa kijijini, nitasikiliza alfajiri. Nikisikia kikohozi, hakuna harusi. Na msinionyeshe cheti; mimi nina masikio."

Julia hakulia. Alikwenda stoo, akalikalia godoro la harusi lililojaa nusu, na Walter aliyemwona kupitia mlangoni akahisi kifua kinabana mahali ambapo sufi haifiki.

Padre wa kanisa lao alipoombwa ushauri alisema nenda hospitali ya Ndanda. Walter akashtuka. Ndanda ni kwa Warumi, Wakatoliki, na yeye ni Mwanglikana.

"Mapafu hayana dhehebu," Padre alisema.

Basi akateremka na lori mpaka hospitali ya misheni, ameshika rozari aliyoazimwa na Veridiana, mke wa dereva, endapo wangemwuliza kitu mlangoni. Wakamwuliza tu jina. Alikuwa amebeba pia mto wake mwenyewe, maana fundi halali juu ya mto wa fundi mwingine, na Sista aliyempokea akauchukua uanikwe juani pamoja na nguo zake, kwa usafi.

Sista huyo alikuwa daktari, Mjerumani mwenye mikono mikubwa na Kiswahili kilichonyooka kuliko barabara ya Newala. Akamgonga mgongoni kama mtu anayechagua papai. Akasikiliza. Akampa kikopo akamwambia ateme makohozi ya asubuhi, na kesho yake tena, na tena, ili wayatazame kwa darubini kama yana wadudu wa kifua kikuu.

"Na kama wapo, Sista?"

"Utakaa nasi muda mrefu, utachomwa sindano, utapona. Ukikimbia, utakufa, na utawaachia wengine."

Walter alitema kwa uangalifu wa mtu anayepiga kura.

Wakati wa kungoja majibu likatokea jambo la kumtia aibu: hakukohoa. Usiku wa kwanza alikohoa kidogo, wa pili kidogo kuliko wa kwanza, na uliofuata akalala kama gunia. Alisikitika. Mtu ametoka Newala na ugonjwa wake, amefika mbele ya mtaalamu, ugonjwa umeona haya! Alihofia wangemwona mwongo wamrudishe. Kwa kujifariji akauomba mto wake. Wakamletea. Akauweka chini ya kichwa, akavuta harufu ya kwao, akapapasa fundo la jicho la kuku. Kikohozi kilirudi kama mbwa aliyemwona bwana wake ng'ambo ya mto. Wodi nzima ikakaa kitako. Mgonjwa mmoja wa Nanganga akasema kwamba kama ni Siku ya Mwisho, angalau wangepiga tarumbeta nzuri.

Asubuhi Sista akasimama kando ya kitanda, akautazama mto, akamtazama Walter, akautazama mto.

"Ndani kuna nini?"

"Sufi, Sista. Daraja la kwanza."

"Na wewe kazi yako?"

Walter akamweleza, kwa fahari, kuanzia matunda mpaka fito na mawingu.

"Na unalala wapi?"

"Stoo. Juu ya sufi."

Sista akauinua mto kwa vidole viwili. Watu waliomfahamu walisema baadaye kwamba ndiyo mara pekee alipoonekana kutafuta neno.

Makohozi yalikuwa safi, yote. Si kifua kikuu, ni pumu. Akamchorea mchangani nje ya wodi kwa ncha ya fimbo. Mapafu, alisema, ni kama mti uliopinduliwa: shina liko kooni, matawi yanashuka yakigawanyika mpaka vijitawi vyembamba kuliko uzi, na huko mwisho ndiko hewa na damu zinakokutana. Kwa mtu wa pumu vijitawi vile vina hasira. Vikiguswa na vumbi visilolipenda, vinajikunja, vinavimba, vinajaa ute. Hewa inaingia, lakini kutoka ni shida. Ndiyo maana ya ule mluzi. Mtu anadhani amekosa hewa, kumbe amejaa nyingine ambayo haijatoka.

"Kama wageni," Walter alisema.

"Kama wageni. Kwa hiyo ukibanwa, usivute kwa nguvu. Kaa, inamia mbele, toa pole pole, midomo umeikunja kama unapuliza uji wa moto."

Akampa vidonge vya siku za shida, akamkataza stoo, fito na mawingu. Mto ukabaki Ndanda. Walter akapanda lori akihema kwa raha isiyo ya kawaida. Hewa! Aliivuta pale Ndanda, akaivuta njiani, akaivuta lori likipanda kingo za uwanda kwa gia ya kwanza, akaitoa yote bila mluzi, akaanza kucheka peke yake. Akaimba besi ya wimbo mzima wa Pasaka, na ilikuwa bado mbali sana na Pasaka. Dereva akamwuliza kama walimpa dawa au pombe.

Jioni ile Isabela alimpokea chumbani kama bwana harusi. Walilala. Na alfajiri Walter akazinduka, kwa sababu alisikia mluzi mwembamba, kama birika linalofikiria kuchemka. Kisha kimya. Kisha magogo.

Akajishika kifua. Kifua kilikuwa kimetulia. Akajishika mdomo. Ulikuwa umefumba. Huko nje Walter alikuwa akikohoa, na humu ndani Walter alikuwa akisikiliza, na kwa muda mfupi sana, ambao hakuupenda, hakuwa na hakika yeye ni yupi.

"Ni Baba Zena," Isabela alisema gizani, yaani Bwanali. "Ulipoondoka kijiji kizima kilipitiwa na usingizi. Wanawake walifika kisimani jua limetoka, wakarudi na tope. Mwalimu Dunstan aligonga reli wakati wa ibada umeshapita. Wazee wakakaa. Wakasema mtani ndiye mrithi. Wakamfanya kaimu."

Walter akatoka. Nyuma ya nyumba yake alisimama Bwanali, mikono kiunoni, kifua mbele, akimalizia mkwaruzo.

"Ee Bwana, utuhurumie," alisema Bwanali, ambaye asubuhi ileile angeswali.

"Mtani!"

Bwanali akageuka. "Lo! Umefufuka? Na mimi nimeshazoea kazi!"

"Kikohozi changu unakiharibu. Mluzi wako mfupi mno. Unakuwa kama paka aliyekanyagwa."

"Basi nifundishe, fundi wa maradhi."

Hapo ndipo Walter alipofanya kosa, na lilikuwa kosa la fundi. Hawezi kuona kazi yake ikifanywa vibaya akanyamaza. Akamwonyesha mahali pa kubana koo, jinsi ya kungoja kile kimya, magogo yaanguke mawili mawili na sio ovyo. Siku kadhaa walifanya mazoezi nyuma ya nyumba, wakicheka mpaka wakashikana mabega, na Isabela akilalamika kwamba alikuwa na mume mmoja anayekohoa, sasa anao wawili na wote wazima. Ilikubaliwa kwamba korosho zikishavunwa, na Mama Danieli akikaribia kuja, kaimu atapewa likizo.

Kilichosahaulika ni kwamba Ethel alikuwa ameuguza mgonjwa na kulea watoto, na alijua kwamba mtu anayekuambia siku atakayokuja kukukagua hajaja kukagua, amekuja kula. Alifika korosho zikiwa bado mtini, jioni, kwa miguu kutoka barabarani, akaingia kwa Ida ambaye ni ndugu yake wa mbali, akamwambia, "Nisisikie umetoka nje kumwambia mtu." Ida hakutoka. Inasemekana ndiyo siku ambayo ulimi ulimwasha zaidi maishani.

Alfajiri Bwanali akatoka kwenda kazini. Siku hiyo alikuwa katika ubora wake. Mluzi uliinuka mwembamba na mrefu, ukatetemeka penye kilele. Kimya kikangojwa mpaka mbwa wakakiona. Kisha magogo, mawili mawili. Walter, kitandani, akitafuna msuaki, alitikisa kichwa kwa kuridhika kama mwalimu siku ya mtihani.

Halafu akasikia hatua uani, na sauti:

"Hodi! Baba Julia, nimesikia kwa masikio yangu. Harusi hakuna!"

Walter alitoka mbio, shuka kiunoni, msuaki mdomoni. Ethel alikuwa amesimama uani, mnyoofu. Julia alikuwa ametokeza mlangoni. Na nyuma ya nyumba, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kaimu asimame, kikohozi kiliendelea.

Ethel akamtazama Walter, mdomo wake na msuaki. Akasikiliza. Akamtazama tena.

"Nani anakohoa?"

"Mimi," Walter alisema. "Yaani si mimi. Ni kikohozi changu, lakini kinakoholewa na Bwanali."

"Ee Bwana, utuhurumie," kikasema kikohozi.

Bwanali akaletwa. Akasema shikamoo. Akaeleza kwamba yeye ni mzima wa afya na anakohoa kwa niaba. Akaeleza habari za kisima, za wazee, za ukaimu. Kadiri alivyoeleza kweli ndivyo ilivyozidi kufanana na uongo. Ili kuthibitisha akajitolea kukohoa palepale, akakohoa, vizuri sana, na Ethel akarudi hatua nyuma akajifunika kanga.

"Mmekuwa wawili!" alisema. "Kimeshaambukiza majirani!"

"Mama, ni utani tu!" alisema Bwanali.

"Mtani hawezi kuugua?"

Walter akatupa msuaki. Akasema kwa sauti ambayo Julia hakuwahi kuisikia: "Mama Danieli. Niliugua, sikatai. Wametazama makohozi yangu, hakuna kifua kikuu. Kilichokuwa kinaniua kimo humo stoo. Ni sufi. Mimi siruhusiwi hata kuingia."

"Sufi!" alisema Ethel. "Wote tunalalia sufi. Huruhusiwi kuingia, au hutaki niingie? Kuna nini humo?"

Akavuta mlango akaingia, akausindika nyuma yake, kwa kuwa alidhani ataona vikopo vya makohozi, kanga zenye damu, au chungu cha mganga. Nje walimsikia akitafuta. Alifunua marundo. Alipindua magunia. Akafikia godoro la harusi, lile kubwa kuliko yote, mdomo wake ukiwa bado haujashonwa. Akaona limevimba katikati. Akalipiga kofi kuona kama kuna kitu kimefichwa. Halikujibu. Akalipiga kwa nguvu zake zote za ujane, kwa fito mbili zilizokuwa pembeni.

Kwanza ukatoka moshi mweupe chini ya mlango. Kisha kimya.

Kisha ikasikika chafya. Na baada ya chafya, kutoka stoo ya Walter, ukapanda mluzi mwembamba kama birika linalofikiria kuchemka.

Bwanali akavua kofia.

Magogo yalipoanza kuanguka, kijiji kizima kilisikia. Wanawake waliokuwa bado wanafunga kanga wakasema, "Mbona leo mara mbili?" wakatwaa mitungi wakakimbia. Mwalimu Dunstan akaigonga reli upya. Mlango ukafunguka, akatoka kitu cheupe kutoka utosini mpaka miguuni, chenye macho mawili na mdomo wazi, kikikohoa, kikivuta hewa kwa nguvu na isitoke.

Hapo hakuna aliyecheka. Walter alimfikia wa kwanza, akamvuta mbali na mlango, kwenye upepo unaotoka bondeni.

"Kaa chini, mama. Usivute. Inama mbele. Toa. Pole pole, kunja midomo, puliza uji. Uji wa moto huo. Puliza. Hewa unayo, mama, unayo nyingi, iache itoke."

Ethel akapuliza uji. Julia alipiga magoti mbele yake akapuliza naye, mashavu yamejaa, Isabela akapuliza, Bwanali, asiye na sababu yoyote, akapuliza pia. Watu wazima wamekaa duara uani alfajiri wanapooza uji usiokuwapo. Mluzi ukapungua. Ukawa mkwaruzo. Ukawa pumzi. Ethel akasema, kwa sauti ndogo na kwa mazoea ya mtu wa kanisa:

"Ee Bwana... utuhurumie."

Julia ndiye aliyeanza kucheka. Alijiziba mdomo, haikusaidia. Sufi kutoka mabegani mwa mkwewe ikampanda puani, akapiga chafya, akacheka zaidi. Isabela akafuata. Bwanali alianguka ubavu. Walter alicheka kwa kifua chote, mpaka vile vijitawi vya mwisho, na kila kicheko kilichoingia kilitoka.

"Mama Danieli," Bwanali alisema alipopata neno, "hicho ni kifua kikuu?"

Kwa mtu mwingine lingekuwa tusi. Ethel alimtazama, unyoya mmoja wa sufi ukicheza kwenye unyusi wake.

"Ni vumbi la njiani," alisema.

Kisha akamshika Julia mkono, akaukung'uta sufi, akaushikilia. Alikaa nao, akimsikiliza Walter akihema. Alisikiliza vizuri, kama alivyosema atafanya, na masikio yake yakampa jibu.

"Dada yangu hakuwahi kukoma kukohoa hata siku moja," alisema. "Haya. Harusi iko palepale. Lakini lile godoro halijazwi na baba wa bibi harusi. Aliyekula kikohozi cha watu ndiye atakayelijaza."

Hivyo Bwanali alilijaza godoro la harusi, kitambaa kimefungwa puani na Ethel amesimama mlangoni kumsimamia kutoka mbali. Alilijaza kwa mabonge. Danieli na Julia walisema hadharani kwamba ni laini, na hawakuwahi kusema jambo lingine, ingawa majirani wa Lupaso waliwasikia mara nyingi wakitafuta mahali pa kulala. Pembe zake hazikuwa na jicho la kuku. Walter alilitazama likipakiwa kwenye lori, akageuza uso, akasema ni upepo.

Siku ya harusi aliimba besi mpaka Padre akaruka ubeti kusudi wamalize. Baada ya hapo aliacha sufi, akaanza kufuma mikeka. Alikuwa fundi wa wastani na mlalaji hodari. Bwanali aliendelea na ukaimu mpaka mabomba ya maji yalipofika kwenye uwanda, na siku yalipofunguliwa, wanawake walipokuwa wakipiga vigelegele, yeye alisimama pembeni na mtani wake akinung'unika kwamba serikali imemwachisha kazi bila hata kumwuliza anajisikiaje.

"Unajisikiaje?" Walter akamwuliza.

Bwanali akabana koo, akatoa mluzi mrefu, safi, wenye mtetemo penye kilele. Wanawake wote wakaacha vigelegele, wakageuka, wakatafuta mitungi.